Wamenikatalia kibali cha kazi Kanada: naweza kwenda mahakamani?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: kibali cha kazi cha Kanada kilichokataliwa, na wasomaji wanauliza kama neno la ofisa wa uhamiaji ndilo la mwisho. Si la mwisho. Mahakama ya Shirikisho ya Kanada inaweza kuupitia uamuzi huo hata kama mwombaji yuko Nakuru au Bukavu na hajawahi kukanyaga Kanada. Lakini mahakama hiyo haitoi viza wala haisikilizi ombi lako upya. Inaangalia namna ofisa alivyofikiri juu ya karatasi alizokuwa nazo mezani siku ile. Wengi hupoteza fedha zao kwa kutolijua hilo mapema.

Wahariri, salamu. Mimi ni mpishi, nina miaka saba hotelini. Mwajiri wa Alberta alinipa ofa na LMIA, yaani idhini ya serikali ya Kanada kwa mwajiri kuajiri mgeni. Barua ya kukataliwa ina sababu moja tu: sikuonyesha kwamba nitaweza kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Nianzie wapi, na nina siku ngapi? – Msomaji, Nakuru

Una siku 60 za kalenda kwa sababu uamuzi ulifanyika nje ya Kanada. Aliyeamuliwa ndani ya Kanada ana 15 tu. Hesabu tangu siku barua ilipoingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni, si siku uliyoifungua, maana wakili wa serikali atashika tarehe ya mwanzo. Tena ndani ya siku hizo unatakiwa kufanya mambo mawili: kufungua ombi kwenye masjala ya mahakama, na kumfikishia nakala Waziri wa Uraia na Uhamiaji kupitia Wizara ya Sheria. Wapo waliofungua siku ya 59, wakampelekea waziri nakala siku ya 63, wakajikuta wanaomba kuongezewa muda.

Ombi lenyewe huitwa ombi la ruhusa na mapitio ya mahakama, chini ya kifungu cha 72 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi. Ada ni dola 50 za Kanada. Fomu ni fupi, na hupokelewa kwa mtandao, kwa Kiingereza au Kifaransa. Kama hukupewa sababu kamili za kukataliwa, andika hivyo kwenye fomu: "sijapokea sababu". Hapo Kanuni ya 9 ya mahakama kwa kesi za uhamiaji inaanza kufanya kazi. Masjala inaiandikia ofisi ya viza, nayo inalazimika kuleta maelezo ambayo ofisa aliyaandika kwenye mfumo wa idara ya uhamiaji uitwao GCMS. Maelezo hayo ndiyo kesi yako. Barua uliyopokea ni karatasi ya mfano ambayo wengine maelfu wameipata kwa maneno yaleyale. Tangu Julai 2025 idara imeanza kuambatanisha maelezo ya ofisa kwenye baadhi ya barua za kukataa, kwa hiyo soma kurasa zote kabla ya kusema hukupewa kitu.

Baada ya hapo unatengeneza jalada la maombi: fomu, uamuzi, sababu, hati ya kiapo chako, nakala ya kila ulichomtumia ofisa, na hoja za kisheria zisizozidi kurasa 30. Kanuni inatoa siku 30 tangu kufungua ombi, au tangu sababu zilipokufikia ikiwa uliziomba. Mwezi Mei 2025 mahakama, kwa wingi wa kesi, ilitoa amri maalumu iliyozifanya kuwa 75. Wakili wako ahakikishe kama amri hiyo ingali inatumika. Serikali hujibu, nawe una siku 10 za kujibu majibu yake. Kisha jaji mmoja anasoma bila kumwita mtu na kuamua kama kuna hoja ya kubishaniwa. Akikataa, habari imekwisha, hakuna rufaa. Akikubali, kesi inasikilizwa kati ya siku ya 30 na ya 90 baadaye, mara nyingi kwa video, na wewe si lazima uwepo kwa sababu hakuna shahidi anayehojiwa.

Tuje kwenye upishi wako. Kifungu cha 200(3)(a) cha Kanuni za Uhamiaji kinamkataza ofisa kutoa kibali akiwa na sababu za msingi kuamini kwamba mtu hawezi kazi aliyoiomba. Kipimo chake ni kazi ileile iliyoandikwa kwenye LMIA, ikilinganishwa na orodha ya taifa ya kazi, NOC. Mpishi ni namba 63200, na orodha inataja elimu ya sekondari pamoja na mafunzo ya upishi au uzoefu wa miaka kadhaa kwenye jiko la biashara. Sasa lichukue jalada lako ulisome kama mtu asiyekujua. Barua ya hoteli inasema ulipika nini, kwa saa ngapi kwa wiki, kwa mshahara gani, tangu lini hadi lini? Au inasema tu kwamba wewe ni mfanyakazi mwadilifu? Kama kazi zako zimeorodheshwa humo, zinalingana na za LMIA, na ofisa ameandika tu "uzoefu hautoshi" bila kuigusa barua hiyo, una kesi nzuri. Kama barua ni ya mistari mitatu, ofisa hakulazimika kukuandikia kuomba nyingine. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji, na majaji wamelirudia hilo mara nyingi mno.

Kipimo kinachotumika kiliwekwa na Mahakama ya Juu ya Kanada Desemba 2019 katika shauri la Vavilov: uamuzi uwe na mantiki inayofuatika kutoka ushahidi hadi hitimisho, na uwe na sababu zinazoeleweka. Si lazima sababu ziwe ndefu. Maofisa wa viza wana mafaili mengi na majaji wanalijua hilo. Lakini ushahidi unaopingana na hitimisho hauwezi kuachwa kimya. Na wakili wa serikali hawezi kusimama mahakamani akajaza sababu ambazo ofisa mwenyewe hakuziandika.

Ofisa ameandika kwamba sitarudi nyumbani kwa sababu mshahara wa Kanada ni mkubwa kuliko wangu, sina mali ya kutosha, na sina "uhusiano wa kifamilia" wa kunirudisha. Nina mke na watoto watatu Arusha! Hii ni sababu halali kweli? Au ni kompyuta iliyonikataa? – Msomaji, Arusha

Ofisa ana haki ya kujiuliza kama utaondoka muda ukiisha. Kifungu cha 200(1)(b) kinamtaka afanye hivyo. Hana haki ya kujibu swali hilo kwa dhana.

Hoja ya mshahara ndiyo dhaifu kuliko zote. Karibu kila anayeomba kibali cha kazi anakwenda kutafuta kipato kikubwa kuliko cha kwao. Kama hilo pekee lingetosha, hakuna hata mmoja angepewa kibali, na majaji wa Mahakama ya Shirikisho wamelisema hilo kwa miaka mingi. Tofauti ya kipato inaweza kuwa jambo moja kati ya mengi, lakini lazima ofisa aeleze kwa nini kwako wewe, na hali yako, inaonyesha utavunja sheria ukabaki.

Kuhusu familia, tazama kwanza ulichojaza. Je, mke na watoto wamo kwenye fomu ya taarifa za familia? Uliweka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa? Uliandika kwamba wanabaki Arusha? Kama yote yamo na ofisa akaandika huna uhusiano wa kifamilia, amekwenda kinyume na faili lake mwenyewe, na hapo uamuzi hutenguka. Kama fomu ilionyesha familia yote inakusindikiza, ofisa anaweza kusema hakuna anayebaki wa kukuvuta nyumbani, na jaji atamwelewa. Suala la mali nalo ni hivyohivyo. Kuna anayeonyesha taarifa ya benki iliyovimba wiki moja kabla ya kuomba, bila kueleza fedha zilitoka wapi. Ofisa akiitilia shaka, mahakama haimlaumu.

Umeuliza pia kama ni kompyuta iliyokukataa. Idara inatumia chombo kiitwacho Chinook, kinachompangia ofisa taarifa za waombaji wengi kwenye jedwali na kumrahisishia kuandika maelezo. Mwaka 2023 mwombaji wa kibali cha kazi kutoka Iran alikishambulia mahakamani na akashindwa. Jaji aliona kwamba binadamu ndiye aliyeamua. Kwa hiyo usipoteze kurasa zako kwa kulalamikia chombo. Onyesha kwamba sababu zilizoandikwa hazigusi faili lako, ambalo ndilo tatizo ambalo chombo hicho huweza kulizaa.

Mimi ni dereva wa malori. Baada ya kukataliwa nimepata barua bora zaidi kutoka kwa bosi wangu na taarifa mpya ya benki. Nizipeleke mahakamani, au niombe upya? Rafiki ananiambia nimwandikie ofisa aangalie tena. – Msomaji, Mombasa

Mahakamani hazitapokelewa. Jaji anaangalia yale yale yaliyokuwa mbele ya ofisa. Mlango ulio wazi kwa ushahidi mpya ni mwembamba: kwa mfano, kuonyesha kwamba ofisa hakukutendea haki, au kwamba ulituma waraka fulani akaupoteza. Hati ya kiapo iliyojaa barua za juzi humpa wakili wa serikali kazi rahisi ya kuomba zifutwe.

Kwako wewe, kama kasoro ilikuwa barua dhaifu na sasa unayo nzuri, omba upya. Ada ya kibali ni dola 155, na alama za vidole ukishatoa hudumu miaka 10. Linaloamua ni LMIA ya mwajiri wako. Tangu Mei 2024 inadumu miezi sita, na ombi jipya lazima liingie kabla haijaisha. Ikishaisha mwajiri analipa dola 1,000 nyingine na kuanza kutangaza nafasi tena. Gharama hiyo ni yake. Sheria inamkataza kukutoza wewe.

Kumwandikia ofisa aangalie tena si kosa, na pale alipokosea jambo la wazi, kama kusema hukuweka leseni wakati ulipakia, huweza kusaidia. Ila barua hiyo haisimamishi saa. Siku 60 zinaendelea kukimbia huku unasubiri jibu, na mara nyingi jibu linakuja zimekwisha. Anayetaka njia zote mbili afungue ombi mahakamani kwanza, ndipo amwandikie ofisa.

Kuomba upya bila kupinga uamuzi wa kwanza kuna gharama yake ndogo: ofisa wa pili ataona ulishakataliwa, na lazima ulitaje hilo kwenye fomu. Kulificha ni kosa kubwa kuliko kukataliwa kwenyewe, kama barua inayofuata inavyoonyesha.

Shikamooni. Mwanangu alimpa wakala mmoja wa mjini fedha na pasipoti amtafutie kazi Kanada. Sasa barua inasema ametoa taarifa za uongo na amefungiwa miaka mitano. Cheti cha kazi kilichotumwa yeye hakukijua. Tufanye nini? – Mama, Dar es Salaam

Marahaba mama, na pole sana. Hili ni zito kuliko kukataliwa kwa kawaida, na ndipo mapitio ya mahakama yana thamani kubwa zaidi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Uhamiaji kinamfungia miaka mitano mtu aliyetoa taarifa isiyo ya kweli juu ya jambo ambalo lingeweza kumpotosha ofisa. Kuomba upya hakusaidii mpaka uamuzi huo utenguliwe au miaka iishe. Siku ni 60 zilezile.

Cha kwanza cha kuuliza: je, kabla ya uamuzi, idara ilimwandikia kumweleza shaka yake na kumpa nafasi ya kujibu? Kwa tuhuma ya uongo barua hiyo ni lazima. Ofisa akiona ushahidi hautoshi anaweza kukataa kimya; akiona ni wa kughushi, hawezi. Tatizo ni kwamba barua hiyo mara nyingi huenda kwenye barua pepe ya wakala, naye hunyamaza. Mahakama haichukulii hilo kirahisi, maana mwombaji ndiye aliyemchagua wakala na kuweka anwani yake. Kwa hiyo kusanyeni sasa hivi kila ujumbe wa simu kati ya kijana na wakala, risiti za fedha, na nywila ya akaunti kama ipo, ili ijulikane nani alipokea nini na lini.

Utetezi wa "sikujua" una nafasi finyu. Jina na sahihi ni vya mwombaji, na majaji wengi wamesema mtu hawezi kujificha nyuma ya wakala aliyemwachia faili bila kulisoma. Kinachoweza kufaulu ni kuonyesha kwamba ofisa hakuwa na ushahidi thabiti wa uongo, mathalani alipiga simu moja kwa kampuni, hakupokelewa, akahitimisha kwamba haipo. Tuhuma yenye madhara makubwa inahitaji ushahidi ulio wazi. Kingine kinachoweza kufaulu ni kuonyesha kwamba taarifa yenyewe haikuhusu jambo lenye uzito kwa kibali.

Msimrudie wakala huyo. Anayeruhusiwa kulipwa kwa ushauri wa uhamiaji wa Kanada ni wakili aliyesajiliwa na chama cha mawakili cha jimbo la Kanada, notari wa Quebec, au mshauri aliye kwenye daftari la chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji na uraia, na majina yote hutazamwa bure mtandaoni. Mshauri, hata mwenye leseni, haruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu katika Mahakama ya Shirikisho. Huko ni wakili, au mwombaji mwenyewe.

Niko Edmonton, asili yangu Goma. Niliomba kuongezewa kibali kabla hakijaisha, nikaendelea na kazi. Jana wamekataa. – Msomaji, Edmonton

Acha kazi leo. Ruhusa ya kuendelea wakati unasubiri ilikoma siku uamuzi ulipotolewa, na kila zamu utakayofanya sasa itaandikwa dhidi yako. Kwa mahakama una siku 15, si 60. Sambamba na hizo, tangu ulipopoteza hadhi yako ya kukaa Kanada kisheria una siku 90 za kuomba urejeshewe hadhi hiyo pamoja na kibali kipya, na kwa wengi hiyo ndiyo njia ya haraka. Kufungua kesi hakurudishi ruhusa ya kufanya kazi.

Nilikuwa Muscat kikazi, nikajua habari za mahakama baada ya siku 80. Nimechelewa kabisa? – Msomaji, Pemba

Jaji anaweza kuongeza muda, na ombi hilo linaingia ndani ya fomu ileile. Ataangalia mambo manne: kama tangu mwanzo ulikuwa na nia ya kupinga, kama kesi ina uzito, kama serikali itaumia kwa kuchelewa kwako, na kama una sababu ya kila siku iliyopita. "Sikujua sheria" peke yake haitoshi. Barua pepe ulizowaandikia mawakili siku ya 30 au ya 50 zina nguvu kuliko maelezo yoyote. Anza leo, kila wiki unayoongeza inapaswa kuelezwa.

Dada yangu alikataliwa viza ya kazi na ubalozi wa Marekani ingawa mwajiri wake alishakubaliwa. Njia ni hiyohiyo? – Msomaji, Unguja

Hapana, na tofauti ni kubwa. Mahakama za Marekani kwa kawaida hazipitii uamuzi wa ofisa wa ubalozi kuhusu viza, na Juni 2024, katika shauri la Muñoz, Mahakama ya Juu ilikataa hata dai la raia wa Marekani aliyetaka kupinga kunyimwa viza kwa mumewe. Kinachopitiwa ni hatua ya kwanza: idara ya uhamiaji, USCIS, ikikataa ombi la mwajiri ndani ya nchi, mwajiri anaweza kuishtaki katika mahakama ya wilaya ya shirikisho bila kwanza kukata rufaa ya ndani ya idara. Dada yako alishavuka hatua hiyo. Aulize ubalozini kama kukataliwa kwake ni kwa kusubiri nyaraka, kwa kuwa huko faili hufunguliwa tena zikiletwa.

Nikishinda Kanada, napata kibali? – Msomaji, Kigoma

Faili linarudi kwa ofisa mwingine aamue upya. Jaji kuamuru kibali kitolewe ni jambo la nadra sana. Wakati mwingine hata jaji hafiki: wakili wa serikali akiona sababu haziteteeki, hupendekeza uamuzi ufutwe kwa maelewano nawe uondoe kesi. Kabla ya kukubali, hakikisha maandishi yanasema ofisa atakuwa mwingine na kwamba utaruhusiwa kuongeza nyaraka. Na usitegemee kurudishiwa fedha za wakili. Kwa kesi za uhamiaji kila upande hubeba zake isipokuwa kuna sababu maalumu.

Faili likirudi kwa ofisa mwingine, hapo ndipo ushahidi mpya unapata nafasi. Usisubiri uitwe. Tuma mara moja barua ya mwajiri yenye tarehe ya karibuni kwamba nafasi bado ipo na kwa mshahara gani, uzoefu ulioongezeka, na majibu ya kila shaka ya ofisa wa kwanza. Vipimo vya afya vinadumu miezi 12, kwa hiyo huenda ukaambiwa upime tena. Pasipoti nayo iwe na muda wa kutosha, kwani kibali hakipiti tarehe yake ya mwisho. Ofisa wa pili anaweza kukataa tena kwa sababu zilizoandikwa vizuri zaidi, na wanaoshindwa mara hii mara nyingi ni wale waliomrudishia faili lilelile la mwanzo.